Makosa Themanini na Saba

Kabla ya yote, Bi Taipu alikuwa na meza yake kwenye baraza ya ofisi ya ardhi, baina ya muuza stempu na mpiga picha za pasipoti. Watu walimjia na shida zao zimekunjwa mifukoni: barua za kulalamikia mipaka, maombi ya kazi, viapo vya waliopoteza vyeti. Alizipiga kwa taipureta ya chuma aliyoinunua mtumba, na juu ya meza aliweka kibao alichokiandika mwenyewe: UKIONA KOSA, USILIPE. Kwa miaka sita hakuna aliyeondoka bila kulipa, na si kwamba hawakujaribu. Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akisimama pembeni na miwani yake, karatasi ameisogeza puani, akitafuta koma iliyotoroka.

Hakuwa na akili za ajabu. Alikuwa na macho, na alikuwa na kiburi cha kazi, na tuseme ukweli, kiburi cha namna hiyo humfikisha mtu mahali ambapo shahada humwacha njiani. Mume hakuwa naye, mtoto hakujaliwa. Aliishi na dada yake mkubwa, mshona nguo, katika vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga. Alichokuwa nacho ni kimoja tu, kwamba karatasi ikipita mikononi mwake hutoka safi.

Basi siku moja akaja mtu mnene na bahasha kwapani. Alikuwa hajafika hata miaka arobaini, lakini mtaani walishambatiza Mzee Maiti, kwa sababu alikuwa ameandika vitabu vinne vya upelelezi na katika kila kimoja lazima mtu afe kabla ya ukurasa wa tatu. Alitaka sura mbili zipigwe chapa haraka. Aliporudi kuzichukua, Bi Taipu alimwambia bila kuinua kichwa:

"Yule karani uliyemuua ukurasa wa tisa, ukurasa wa arobaini anakunywa chai."

Mzee Maiti akasoma. Akakaa kwenye benchi la wateja, akacheka mpaka muuza stempu akaacha wateja wake kuja kuangalia kulikoni. Kesho yake alirudi na mkokoteni, akamhamisha Bi Taipu na taipureta yake.

Chumba cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba ya Mzee. Kilikuwa na dirisha moja la wavu, meza mbili zilizotazamana, kabati la chuma, na feni iliyokuwa ikigeukia upande wa Mzee tu, ikifika katikati inakwama. Asubuhi Mzee aliandika kwa mkono. Baada ya chakula cha mchana Bi Taipu alipiga. Kitabu kikimalizika, wakalinganisha ukurasa kwa ukurasa, kisha karatasi za mkono zikachomwa kwenye debe nyuma ya jiko, maana Mzee aliwaogopa wezi wa visa kuliko wezi wa kuku.

Na kisa kikimgomea, Mzee alisimama akakiigiza. Shujaa wa vitabu vyake vyote alikuwa Inspekta Kiguu, mpelelezi aliyeanguka kutoka kwenye treni akimfukuza mwizi, mguu wake wa kushoto ukaharibika. Mzee alikuwa akichechemea mbele ya meza ya Bi Taipu, mpini wa ufagio mkononi kama fimbo, akilihoji kabati la chuma lilikuwa wapi siku ya mauaji. "Sema kweli," alikuwa akiliambia. "Jirani yako kiti ameshakutaja." Bi Taipu alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaingiza karatasi nyingine.

Miaka ikaenda hivyo, vitabu vikafika thelathini na moja. Vilisomwa kwenye mabenchi ya hospitali, kwenye malindo ya askari, chini ya madawati ya wanafunzi wakati wa hesabu. Watoto wa Mzee wakakua wakimwita Bi Taipu Anti. Mkubwa, ambaye baadaye wote walimwita Mkandarasi, alipewa na baba yake kiwanja na mtaji wa kuanzia. Dada zake wawili walisomeshwa mpaka wakakinai. Mama yao akafariki. Mzee akafanyiwa upasuaji wa nyongo, na alipotoka hospitalini akamwoa muuguzi aliyekuwa akimfunga vidonda. Huyo naye jina likamganda, Nesi. Watoto walikuja harusini wamenuna, wakala, wakaondoka.

Kisha Mzee akaanza kusahau. Mwanzoni alisahau miwani, kama sisi sote. Halafu akasahau njia ya kutoka kwa kinyozi. Siku moja Bi Taipu alichukua sura ya tano ya kitabu kipya, akaweka karatasi kwenye mashine, akasoma: sabuni, kiberiti, misumari, sabuni, sabuni. Ukurasa mzima, kwa mwandiko uleule mzuri. Mzee alikuwa amekaa mkabala naye akimsubiri apige, uso umetulia kabisa.

Akapiga. Vidole viliendelea kwa saa mbili, na alichokipiga hakikuwa na sabuni hata moja. Inspekta Kiguu aliingia nyumba ya marehemu, akakagua vikombe, akamuuliza mpishi swali ambalo mpishi hakulitarajia. Jioni alimwonyesha Nesi karatasi zote, za Mzee na zake. Nesi alisoma akiwa amesimama, beseni la kufulia mkononi.

"Dada, hii ni ya kwake?"

"Unaiona hii ya sabuni? Ya kwake ni hiyo."

Nesi akaweka beseni chini. Mchapishaji alikuwa anangoja mswada, na dawa zilikuwa zinangoja mchapishaji. "Basi endelea," akasema. "Mimi sijaona kitu."

Kwa miaka minne Bi Taipu aliandika vitabu vitatu. Aliviandika kwanza kwa penseli kwenye madaftari ya shule, kwao, kwenye meza ya kukatia vitambaa, dada yake akilalamika kuwa chaki yake haionekani. Kisha akavipiga chapa kule chumbani huku Mzee amekaa mbele yake akikunja karatasi tupu. Vitabu vikatoka kwa jina la Mzee Maiti, vikauzwa kuliko vyote vilivyotangulia. Wasomaji waliandika barua kusema uzee umemnoa. Bi Taipu alizisoma barua zile moja moja, akazipanga kwenye kabati, na hakumwonyesha mtu. Furaha yake ilimuuma, maana haikuwa na mahali pa kukaa.

Mara moja tu alimsomea Mzee kipande, pale muuaji anapowapikia uji wafiwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani kaandika haya?"

"Wewe, Mzee."

"Mimi sikuandika." Alimtazama sawasawa, kama zamani. "Huyu anajua kuua kuliko mimi."

Katika miaka hiyohiyo ikatokea asubuhi moja ambayo Mzee aliamka mzima. Nesi alikimbia kuja kumwita Bi Taipu, kanga imekaa upande. Mzee alikuwa amenyoa ndevu mwenyewe. Aliwaita majirani wawili wakae, akawauliza habari za watoto wao kwa majina, asikosee hata mmoja, kisha akamwambia Bi Taipu aweke karatasi. Wosia wake haukujaza nusu ukurasa. Nyumba na vitabu vyote ni vya mke wangu. Watoto wangu nimewapa chao nikiwa hai, na wanajua. Asitokee mtu wa kumtoa mke wangu humu. Alisoma, akatia sahihi, majirani wakatia zao. Bi Taipu aliona kuwa yeye hakutajwa popote. Aliona, akapiga nakala ya pili. Kufika adhuhuri Mzee alikuwa anauliza mkewe wa kwanza atarudi saa ngapi kutoka sokoni.

Alikufa mwaka uliofuata, mchana, Nesi akimgeuza ubavu. Hata arobaini haikutimia, Mkandarasi akaenda mahakamani. Alidai baba yake alikuwa hana akili timamu alipoandika wosia, kwa hiyo mali igawanywe na nyumba iuzwe. Jirani mmoja wa wale wawili alikuwa ameshakufa. Wa pili alisema Mzee alionekana mzima, ila yeye alikaa naye kama dakika kumi. Aliyebaki wa kutegemewa ni aliyeupiga chapa wosia, na Bi Taipu akapokea karatasi ya kuitwa shahidi.

Fundo lenyewe lilikuwa rahisi kuliona na gumu kulifungua. Wosia ulikuwa wa kweli. Bi Taipu aliusikia kwa masikio yake. Lakini mawakili wa pande zote walikuwa wameshikilia vile vitabu vitatu. Wakili wa Nesi alisema mtu anayeandika kitabu anaweza kuandika nusu ukurasa wa wosia. Bi Taipu akisema ni yeye aliyeviandika, jina lake litajulikana nchi nzima, na Mzee ataonekana alikuwa mgonjwa asiyejua lolote. Wosia utaanguka na Nesi atatoka. Akinyamaza, Nesi atabaki nyumbani mwake, na Bi Taipu atakufa akiwa mpiga chapa.

Dada yake hakuona fundo lolote.

"Sema," alimwambia, sindano mdomoni. "Miaka minne umenijazia vumbi la penseli kwenye vitambaa vya watu. Wanasema wote huko mjini, wewe ndiye usiseme?"

"Nesi je?"

"Nesi ana taaluma yake. Wewe una nini? Huyo Mzee wako hata sufuria hakukuachia."

Maneno hayo yalimwingia, maana alikuwa ameshajiambia hayohayo. Siku mbili kabla ya kesi Nesi mwenyewe alikuja. Alikaa kwenye kigoda, akakataa maji. Mikono yake ilikuwa imechanika kwa dawa za kuulia vijidudu, na alipoona Bi Taipu anaitazama, akaifunika na mtandio.

"Dada, sikuja kukuomba," alisema. "Wewe ulikuwa unaandika, mimi nilikuwa nafua mashuka. Kila mtu anajua alichokifanya. Utasema utakachosema."

Ingekuwa rahisi kama angeomba. Bi Taipu alikaa na maneno yale siku mbili, hakula vizuri, na mwishowe akapiga moyo konde. Atasema kweli. Amekula umri wake wote akisafisha maneno ya wengine, na haya ni yake. Asubuhi ya kesi alitia madaftari tisa kwenye kikapu, akayafunika na kitambaa, akaenda.

Chumba cha mahakama kilijaa, watu wamekuja kutazama familia ya Mzee Maiti ikivuana nguo. Mkandarasi alikaa mbele na dada zake. Hakuwa mtu mbaya, huyu. Alimlilia baba yake kweli makaburini. Alikuwa tu mtu ambaye hakuwapo, akaja kudhani mambo yalisimama yakimngoja.

Wakili wa Nesi alitangulia. Alimtambulisha Bi Taipu kama mpiga chapa ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna aliyewahi kumkamata na kosa, akaeleza mpaka habari ya kile kibao cha ofisi ya ardhi. Watu wakatabasamu. Bi Taipu, kizimbani, alinyoosha mgongo. Kisha akasimama wakili wa Mkandarasi, kijana mwembamba mwenye sauti ya taratibu.

"Mama, Inspekta Kiguu ni mbovu wa mguu gani?"

"Wa kushoto," alijibu bila kufikiri.

"Katika vitabu vyote?"

"Vyote."

Wakili akafungua kitabu kilichochomekwa vipande vya karatasi. "'Inspekta aliuburuta mguu wake wa kulia ngazi kwa ngazi.'" Akafungua cha pili. "'Baridi ilipoingia, mguu wa kulia, ule wa treni, ulianza kumsema.'" Akakiweka chini. "Mheshimiwa Jaji, katika vitabu thelathini na moja mguu mbovu ni wa kushoto. Katika vitatu vya mwisho ni wa kulia, mara themanini na saba. Karani wangu amehesabu. Mtu aliyemzaa Inspekta huyu na kuishi naye miaka yote hiyo amesahau mguu wake. Na mtu huyohuyo, katika miaka hiyohiyo, tunaambiwa aliandika wosia kwa akili timamu."

Bi Taipu alivitazama vile vipande vya karatasi. Alivisoma vitabu vile mara ngapi, na hakuona? Hapo hapo akamwona Mzee na mpini wake wa ufagio, anachechemea mbele ya meza. Yeye Bi Taipu amekaa, anamtazama usoni, na mguu wa kushoto wa Mzee uko upande wa mkono wake yeye wa kulia. Miaka yote Mzee alipoandika aliandika kushoto, na yeye akapiga kilichoandikwa. Alipobaki peke yake aliandika alichokiona. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angelifanya kosa lile. Angeinua mkono tu akaeleza chumba kile kilivyopangwa, na hata asiyejua kusoma angeamini kwamba vitabu ni vyake. Hata madaftari yasingehitajika.

Akamtafuta Nesi kwa macho. Nesi hakuwa anamtazama. Alikuwa ameinamia mikono yake.

"Ieleze mahakama, mama," alisema wakili. "Aliyeukosea mguu ni nani?"

"Ni mimi."

Nesi alifumba macho.

"Unasema wewe ndiye uliyeandika vitabu hivi?"

Swali lilikuwa hilo, limeulizwa kwa sauti, mbele ya jaji na waandishi wa magazeti, na halingeulizwa tena. Bi Taipu alifikiria uso wa Mzee asubuhi ile amenyoa, akiuliza habari za watoto wa jirani kwa majina, na alijua kwamba akisema kweli moja ataifanya ile nyingine kuwa uongo. Alimpenda mzee yule. Hakuwahi kujiambia hivyo mpaka saa ile, na haikuwa saa nzuri ya kujiambia.

"Nilivipiga chapa," alisema. "Mzee aliandika kushoto. Mimi nikapiga kulia."

"Mara themanini na saba?"

"Macho yalikuwa yameanza kunisumbua. Nikawa sisomi karatasi, napiga ya kichwani. Na sikuwa nahakiki tena."

"Wewe, mama? Uliyekuwa na kibao?"

"Kibao kilikuwa cha ujana."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wengine wakafuata, na karani wa mahakama akagonga meza. Wakili akataka kuona karatasi za mkono za Mzee. Bi Taipu akaeleza habari ya debe nyuma ya jiko, na Mkandarasi mwenyewe, alipoulizwa, akakubali kuwa debe analijua tangu utotoni. Wakili aling'ang'ana nusu saa nzima. Alimuuliza kuhusu koma, kuhusu kurasa, kuhusu malipo ya mtu asiyejua kazi yake, na kila mara Bi Taipu alijibu kuwa yeye ndiye aliyekosea. Mwisho jaji akavua miwani.

"Hata mimi niliuona huo mguu," alisema. "Nikadhani nimezeeka."

Wakacheka tena, kwa nguvu, kwa kuwa sasa ruhusa ilitoka juu. Bi Taipu alishuka kizimbani na kikapu chake, akapita katikati yao.

Baada ya wiki tatu mahakama ikaukubali wosia. Bi Taipu aliyachoma madaftari siku hiyohiyo, maana kiapo cha uongo ni jela na dada yake hakuwa na kifua cha kuweka siri. Dada alisimama mlangoni akitazama moshi. Hakumsema. Ni afadhali angemsema.

Ofisi mbili zilizokuwa zikimletea kazi za kuchapa zikaacha, bila ugomvi, kama watu wanavyoacha kupita mtaa wenye matope. Nesi alibaki kwenye nyumba yake. Alikuja mara mbili na vifurushi vya sukari na mchele, akakaa kidogo, akaaga. Mara ya tatu alimtuma mtu. Walipoonana njiani, Nesi ndiye aliyekuwa na haraka. Bi Taipu hakumlaumu. Kumtazama mtu aliyekufanyia jambo kama lile ni kazi, na Nesi alikuwa ameshafanya kazi ya kumtosha.

Mwaka ulipopita alikwenda duka la vitabu kumnunulia dada yake kalenda. Mwenye duka, aliyemfahamu tangu enzi za kuleta miswada, akamwita kwenye rafu. Vitabu vitatu vya mwisho vya Mzee Maiti vilikuwa vimetoka upya, majalada yanang'aa, na mguu umerudishwa kushoto kila mahali. Mwenye duka akafungua ukurasa wa mbele, akauelekeza kwenye mwanga ili aone vizuri. Chini ya jina la Mzee paliandikwa kwa herufi ndogo: Katika toleo hili makosa ya mpiga chapa yamesahihishwa.

"Mama, si ndiyo wewe huyu?"

Bi Taipu alisogeza ukurasa karibu, akasoma mara mbili, neno kwa neno, kwa mazoea.

"Ndiyo mimi," alisema.

"Basi na wewe umo kitabuni," alisema mwenye duka, kwa wema kabisa, na akaenda kumtafutia kalenda.